Mbwa Hauzwi kwa Mtu wa Kanisani

Loyd Gantry alikuwa na kanuni moja tu katika biashara yake ya mbwa, na aliirudia mara nyingi kuliko alivyosali: mbwa hauzwi kwa mtu utakayemwona kanisani. Muuzie dalali. Dalali awauzie wenye maduka, duka limuuzie mtu wa mbali asiyejua hata kijiji chenu kiko upande gani wa jimbo la Missouri. Ukimuuzia jirani, alisema Loyd, umejinunulia maneno ya maisha.

Mkewe, Verda, aliicheka kanuni ile miaka ishirini na mitatu. Aliiona ni ukaidi wa mwanamume asiyetaka watu wamgongee mlango wakati wa kula. Loyd mwenyewe hakuwahi kuieleza, naye Verda hakuwahi kuuliza, maana ukimwuliza Loyd jambo ulipaswa kusubiri amalize kuvaa soksi kwanza.

Banda lao lilikuwa la ng'ombe wa maziwa. Bei ya maziwa ilipoanguka, akaja bwana mmoja aliyevaa tai kwenye mkutano wa wakulima akasema mbwa wadogo wana soko mjini, wale wa manyoya ya kusokoteka, wa kukaa mapajani. Loyd aling'oa vyuma vya kukamulia, akapanga vizimba safu mbili, akavitia sakafu ya wavu wa waya ili mavi yadondoke chini na kuoshwa kwa mpira wa maji. Majike thelathini na saba, madume matano. Kila mmoja alikuwa na kibati cha namba shingoni. Majina hayakuwapo.

Sasa usije ukadhani Verda alikuwa katili, maana watu wa mjini ndivyo wanavyopenda kudhani, wakiwa wameketi na hao hao mbwa mapajani. Verda alikuwa na mkono wa kufufua. Kitoto kilichozaliwa kimelegea, bila pumzi, yeye alikisafisha mdomo kwa kidole, akakisugua kwa taulo, akakipulizia puani, akakitumbukiza ndani ya blauzi yake na kuendelea kuosha vyombo. Vyombo vikiisha, kitoto kinalia. Wenye ng'ombe kilima cha pili walimwita ndama alipokwama tumboni. Mkaguzi wa serikali naye alikuja kila mwaka, akapima vizimba kwa futi yake, akaandika kwamba ni safi, akanywa kahawa, akaenda. Na kweli palikuwa safi. Ungeweza kuandaa chakula juu ya saruji ile.

Kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi lilikuja gari jeupe la dalali, likiendeshwa na mtu mnene mcheshi aitwaye Dub. Verda aliamka mapema akawaogesha vitoto waliotimiza wiki nane, akawachana, akawapakia. Gari likaondoka, likapinda kwenye daraja la kijito, na habari yao ikaishia pale. Kama walilia njiani, hakusikia. Kama walipendwa, vilevile hakusikia.

Mara moja moja ilirudi karatasi. "Wawili wa jike namba thelathini na moja wamefia dukani. Moyo." Loyd aliikunja akaitia kwenye kopo la biskuti. Mwaka uliofuata ikarudi nyingine, namba ile ile. Halafu nyingine. Lakini thelathini na moja alizaa vitoto warembo ajabu, rangi ya asali, na dalali aliwataka hao kabla ya wengine wote. Basi akaendelea kuzalishwa.

Kila mwezi wa sita kijiji kilifanya mnada wa pai kwenye jengo la wazimamoto wa kujitolea. Wanawake walioka, wanaume walipandishiana bei, na pesa zilikwenda kwenye matairi ya gari la moto. Aliyenunua pai aliichukua na sahani yake, na chini ya kila sahani palikuwa na kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Sahani ilirudishwa imeoshwa. Na haikurudi tupu, hata siku moja: utatia mayai, au chupa ya jemu, au nyanya tatu za bustanini. Mtu aliyerudisha sahani tupu angesemwa mpaka Krismasi.

Shida ni kwamba Verda, kwa mikono ile ile iliyofufua vitoto, hakuweza kuoka. Ganda lake lilikuwa gumu. Mwaka uliopita Loyd mwenyewe ndiye aliyelazimika kumnunulia pai yake, na mnadi akatangaza kwa sauti, "Imenunuliwa na mtu ambaye hana pa kukimbilia!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Verda alicheka pia, lakini lilimkaa rohoni.

"Mwaka huu sioki," alimwambia Loyd. "Napeleka kitoto cha mbwa ndani ya kikapu, na utepe shingoni."

Loyd aliweka kijiko chini. "Kwa nani?"

"Kwa atakayeshinda."

"Atakayeshinda ni mtu wa kanisani, Verda. Hakuna mwingine anayekuja pale."

"Wewe na kanuni yako! Unadhani mbwa ni magendo?"

"Oka pai."

"Utainunua wewe?"

Loyd akachukua tena kijiko chake, maana kwa hilo alikuwa ameshikwa.

Kitoto alichokichagua kilikuwa cha thelathini na moja, jike, rangi ya asali, chenye tabia ya kumtazama mtu usoni kana kwamba kinasubiri amalize kusema. Verda aliwaambia watu kwamba amemchagua kwa uzuri wake. Hiyo ilikuwa sababu moja. Sababu ya pili hakumwambia mtu: kitoto kile kilikuwa kidogo mno, hakikufikia kipimo, na Dub asingekipakia. Na ilikuwapo ya tatu, ambayo hata yeye mwenyewe hakujiambia. Kilipokuwa na wiki tatu alikiweka kiganjani, kifua juu ya kidole gumba, akasikia kitu kinatetema mle ndani, kama paka anayekoroma kwa raha. Moyo wa kitoto cha mbwa haupaswi kukoroma. Alikirudisha kwa mama yake akaenda kuanika nguo. Daktari wa mifugo alipokuja aliwapima vitoto kumi na tisa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akatia saini, na Verda akasema moyoni, haya, daktari ameona yu mzima.

Jioni ya mnada, kikapu kilipowekwa mezani kati ya pai za matofaa na za persimoni, yale matunda ya porini, kelele zilikatika. Kitoto kilitoa kichwa, kikapiga chafya.

"Jamani," mnadi akasema, "Dada Verda amepata ganda lisilovunja meno!"

Bei zilianza kurushwa huku na huku. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama Arvil Pruitt. Arvil aliendesha basi la shule miaka thelathini na minne katika barabara zile za vumbi, na nusu ya watu waliokuwa ndani ya jengo lile aliwabeba wakiwa na makamasi. Sifa yake ilikuwa moja: hakumwacha mtoto. Ukichelewa, alizima injini, akakunja mikono juu ya usukani, akakusubiri utoke na kiatu kimoja mkononi. Mkewe Lavonne alikuwa amefariki mwaka na nusu uliopita, na tangu hapo Arvil alikuja kila mahali, akasimama karibu na mlango, akaondoka mapema.

Akainua mkono. Mtu akapandisha. Akainua tena, na safari hii hakuushusha. Aliuacha juu vile vile, kama mwanafunzi aliyesahauliwa na mwalimu. Watu wakageuka wakamwona. Hakuna aliyepandisha tena. Hata tajiri wa mashine za kukatia nyasi, aliyekuwa amemwahidi binti yake kitoto kile, alitia mikono mfukoni na kutazama dari.

"Ndugu Arvil," mnadi akasema kwa sauti ya chini, "kimekuwa chako."

Alimpa jina la Molasi, yaani asali ya miwa, kwa sababu ya rangi yake. Na kuanzia siku ile Verda aliona jambo ambalo katika miaka ishirini na mitatu hakuwahi kuliona: kitoto chake baada ya daraja. Alimwona Molasi amesimama kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya Arvil, masikio yakipepea. Alimwona akijifunza ngazi za kanisa, moja moja, akianguka na kujaribu tena. Jumapili alilala chini ya benchi la nyuma, na mahubiri yakirefuka sana alipiga miayo yenye sauti, watoto wakabana vicheko. Arvil akaacha kuondoka mapema. Akaanza hata kubishana na watu kuhusu besiboli.

"Dada Verda," alimwambia siku moja, amemshika mkono kwa mikono yake miwili, "umenirudishia nyumba yangu. Nilikuwa nalala kwenye kiti. Sasa nalala kitandani, maana mwanamke huyu hataki kulala kwenye kiti."

Verda alirudi nyumbani siku ile amejaa. "Umeona?" alimwambia Loyd. "Umeona kanuni yako?"

"Naona ni mwezi wa nane tu bado," Loyd akasema.

Mwezi wa kumi, baada ya ibada, walikula pamoja uwanjani kama kawaida. Molasi alimkimbilia Verda kutoka kwenye meza za keki, hatua labda ishirini, na katikati ya njia akalala chini. Alikohoa. Kikohozi kikavu, kama mtu aliyepaliwa na makombo. Verda akamwinua, na kiganja chake kikaenda chenyewe kifuani. Kilikuwa kikikoroma kule ndani, kwa nguvu zaidi kuliko zamani. 

"Ana nini?" Arvil akauliza.

"Amechoka tu," Verda akasema. "Joto."

Ilikuwa siku ya baridi. Arvil alitazama mawingu, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, maana Dada Verda ndiye ajuaye mbwa.

Ndivyo ilivyoanza. Jumapili ya pili alimwambia ni mafua. Ya tatu alijitia ana haraka. Ya nne Arvil alimkuta kwenye maegesho.

"Dada Verda, niambie kweli. Ni chakula changu, sivyo? Nimekuwa nikimpa mandazi na mchuzi wa nyama asubuhi. Lavonne alisema ipo siku nitaua mtu kwa upishi wangu."

"Mandazi hayaui mbwa, Arvil."

"Nimeacha hata hivyo. Na daktari wa ng'ombe amenipa vidonge vya kifua. Sasa nafikiri ni moshi."

"Moshi gani?"

"Wa jiko langu la kuni. Bomba lile ni la zamani."

Verda alisema labda. Mungu amsamehe, alisema labda, akapanda gari. Tafadhali usiulize kwa nini. Kusema kweli kungekuwa kumwambia Arvil kwamba kikapu kile, jambo jema pekee ambalo kijiji kizima kilimsifu kwalo, alikitia mabaki. Alikuwa na miaka sitini na sita na hakuwa na sifa nyingine akibani.

Wiki ya tatu ya mwezi wa kumi na moja barafu ilishika mapema. Verda alipika supu ya maharage, ambayo kwa bahati haina ganda, akaipeleka kwa Arvil. Alishangaa kutoona moshi juu ya paa. Aligonga, akaambiwa aingie.

Jikoni kulikuwa na baridi kuliko nje. Arvil alikuwa ameketi kwenye kiti amevaa koti zito na kofia ya kuwindia, masikio yamefunikwa, na kifuani, ndani ya koti, kichwa cha Molasi kilichungulia. Pumzi za wote wawili zilionekana. Kwenye beseni la vyombo maji yalikuwa na utando wa barafu. Jiko la kuni lilikuwa limezimwa, limefagiliwa majivu, safi kabisa.

"Nimelizima," Arvil akasema, na meno yake yakagongana. "Siku ya kumi na moja leo. Naona kama kikohozi kimepungua kidogo. Wewe unaonaje?"

Verda aliweka supu mezani. Akavuta kiti, akaketi.

"Washa jiko, Arvil."

"Moshi, Dada."

"Si moshi. Wala si mandazi. Hukumfanyia kitu chochote kibaya."  "Ni moyo. Amezaliwa nao. Mama yake anawapa. Wengine wa mama huyo huyo wamekufa dukani, barua zipo kwenye kopo nyumbani kwangu."

Arvil hakusogea. "Umejua lini?"

"Akiwa na wiki tatu. Nilimsikia kwa mkono huu."

"Kabla ya kikapu."

"Kabla ya kikapu. Na nilimchagua yeye kwa sababu dalali asingemchukua. Alikuwa mdogo." Alitaka kuongeza kwamba pia alimpenda, na ilikuwa kweli, lakini aliona aibu kuliweka neno lile mezani, akalimeza. "Na kwenye uwanja wa kanisa, mwezi wa kumi, nilimsikia tena. Nikakwambia joto."

Molasi alikohoa. Arvil alimpapasa paji la uso kwa kidole kimoja mpaka akatulia. Kisha akainuka na mbwa ndani ya koti, akapiga magoti mbele ya jiko kwa shida, akapanga vijiti, akawasha kiberiti. Alikaa pale akiutazama moto ukishika. Verda alisubiri atukanwe. Angefurahi kutukanwa.

"Huyo mama yake," Arvil akasema bila kugeuka, "amezaa wangapi?"

"Arobaini na wanne."

"Wote wana hii?"

"Sijui. Gari likishapita daraja sijui tena."

Arvil alitia ukuni mkubwa. "Basi kuna watu huko," akasema, "sijui ishirini, sijui thelathini, wameketi gizani wamezima majiko yao."

 Supu aliila, maana alikuwa mtu wa adabu.

Walimpeleka Molasi kwenye hospitali ya mifugo ya chuo kikuu, mwendo wa saa nne, Verda akiendesha na Arvil amembeba. Daktari kijana aliwaonyesha kwenye kioo cha mashine mshipa wa karibu na moyo ambao ulipaswa kujifunga siku za kwanza za maisha na haukujifunga. Kitoto akiletwa mapema, alisema, tunaufunga, na anaishi miaka kumi na tano. Sasa moyo umetanuka. Atawapa vidonge. Labda ataishi miezi kadhaa. Wakirudi, kilomita mia tatu, Arvil alisema mara moja tu, "Mwezi wa sita alikuwa na wiki nane," na Verda akajibu, "Ndiyo." Hakumpunguzia, na Verda hakuomba apunguziwe.

Usiku ule ule Verda alimwuliza Loyd, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mkononi.

"Ile kanuni yako."

"Ehe."

"Uliiweka ya nini?"

Loyd alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani wewe ulidhani ya nini, Verda?"

Akavua soksi ya pili, akalala, akampa mgongo. Kisha akasema kuelekea ukutani, "Nilidhani unajua tunachouza. Nilidhani sote wawili tunajua na hatusemi."

Verda alitoa karatasi zote kwenye kopo la biskuti. Kila moja ilikuwa na jina la duka, na anwani. Aliandika barua kwa mkono wake, maduka kumi na moja: nawaomba muwatafute walionunua vitoto vya rangi ya asali kutoka kwangu, muwaambie wawapime moyo, na muwaambie si kosa lao. Alisubiri majira yote ya baridi. Duka moja lilijibu. Walimtumia kadi iliyochapwa, yenye picha ya mbwa anacheka, wakimshukuru kwa kuwa mteja wao mpendwa na kumpa punguzo la sabuni ya manyoya.

"Bi Verda," Dub alimwambia Jumatatu moja, baada ya kusikia habari za barua, "utajipasua kichwa bure. Mtu wa dukani hajui mbwa katoka wapi, na anayenunua hataki kujua. Anaona kioo, anaona macho, anatoa kadi ya benki. Mimi nina miaka kumi na sita barabarani, hajawahi mtu kuniuliza."

"Mimi sikuwahi kukuuliza," Verda akasema.

"Ndiyo maana tunapendana," Dub akacheka, akapakia.

Thelathini na moja hakupandishwa tena. Loyd alisema jike asiyezaa anakwenda mnada wa mbwa wakongwe, ndivyo inavyofanyika. Verda akamwambia, "Mguse uone." Loyd hakumgusa.

Molasi alikufa mwezi wa nne, miti ya porini ilipochanua nyeupe kando ya barabara. Alikufa kitandani, mgongoni mwa Arvil, usingizini. Arvil alimzika karibu na uzio wa Lavonne wa mawaridi na hakumwita mtu.

Siku tisa baadaye pikapu yake ilisimama mbele ya nyumba ya kina Gantry. Alishuka na kikapu. Kilikuwa kimeoshwa, blanketi limekunjwa pembe kwa pembe. Verda alitoka barazani akifuta mikono. Alichungulia kikapuni kabla hajajizuia, kama tulivyozoea sote, kuona kilichotiwa.

Kilikuwa kitupu.

"Sikutia kitu," Arvil akasema. "Ni mara yangu ya kwanza kurudisha chombo hivi, na Lavonne angenitoa macho. Nimekuja wewe utie. Mlete mama yake."

Hakuna mtu wa kijiji aliyewahi kuingia lile banda. Verda alifikiri kumwambia asubiri nje. Halafu akaufungua mlango wote na kumwachia apite mbele. Arvil alitembea katikati ya safu mbili, taratibu, kofia mkononi, kama mtu anayepita mbele ya wafiwa. Majike walisimama kwa miguu ya nyuma kwenye waya, wote wakipiga kelele.  Palikuwa safi.

Thelathini na moja alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Verda alimtia kikapuni, wakatoka, na nyuma ya nyumba, penye uwanja wa zamani wa ndama, Arvil akakiinamisha kikapu na kumtoa nje.

Mbwa yule alikuwa na miaka minane. Alikanyaga nyasi, na papo hapo akanyanyua mguu mmoja wa mbele na kuganda. Chini ya miguu yake hakukuwa na waya. Alitetemeka, akatazama nyasi, akatazama watu. Mguu ulibaki juu.

Verda alipiga hatua kwenda kumshika. Arvil akamzuia kwa mkono.

"Mwache. Hana haraka."

"Atakaa hivyo, Arvil. Hajui."

"Nimesubiri watoto wenu miaka thelathini na minne," akasema, "na wote walikuja mwishowe." Akajishusha kwenye nyasi, goti baada ya goti, akakunja mikono.

Loyd alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na mpira wa maji, maji yakimwagikia viatuni. Alitazama kwa muda. Kisha akaenda ndani, akarudi na kiti, akakiweka karibu na Arvil bila kumwangalia mkewe, akarudi kusimama pale pale. Ilipita kama nusu saa. Mguu ulishuka. Ukagusa, ukaruka juu, ukashuka tena. Thelathini na moja akapiga hatua moja kuelekea kwenye kiatu cha Arvil, na Verda akageukia ukuta wa banda akalia, kwa sauti, bila kuficha.

Jumatatu iliyofuata Dub alifika saa kumi na mbili kama kawaida. Hakuona vikapu vya kupakiwa. Alimkuta Verda kwenye ngazi, kikombe cha kahawa mkononi.

"Leo hakuna mzigo?"

"Hakuna."

"Na wiki ijayo?"

Verda alimwonyesha kwa kidevu, na Dub akaenda mpaka kona ya nyumba kutazama. Kwenye uwanja wa ndama Loyd alikuwa ameketi kitini, mikono imekunjwa. Na kumzunguka, kwenye umande, walisimama majike thelathini na sita, kila mmoja mguu mmoja juu, hajui pa kuuweka.